Mistari Sita Niliyoiruka

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, na kule Nakivubo wanasema maji yamejaa barabarani. Nimeshinda ndani hapa Old Kampala, moyo unanienda mbio kama mwizi.

Na kweli nimeiba. Kidogo.

Padre alinipa kitabu cha maisha ya mtawa mmoja wa Bulgaria ya kale niyatafsiri kwa Kiswahili. Yatasomwa kesho baada ya ibada, kwa familia za askari ambao Luganda bado inawapiga chenga. Mtawa huyo aliishi pangoni, akala majani, akawaachia wanafunzi wake wosia wa kupendana. Niliandika kwa raha zangu.

Mpaka nikafika kwa mtoto. Mpwa wa mtawa alimfuata mlimani, akakaa naye. Baba yake akapanda kwa hasira, akamrudisha kwa nguvu. Njiani nyoka akamuuma yule mtoto, akafa.

Nikaweka kalamu chini.

Mwanangu Okot anataka utawa. Ana miaka ishirini na miwili, na ndiye pekee niliyebaki naye tangu baba yake, askari polisi, afariki. Kanisani kwetu padre hampeleki kijana utawani bila baraka ya mzazi, na huiomba mbele ya watu. Kesho ni zamu yangu kuulizwa. Jibu nilikuwa nalo tayari: hapana.

Basi nikairuka habari ya nyoka. Nilijiambia ni ndefu. Uongo mtupu, ni mistari sita.

Leo mchana Okot amelinganisha kazi yangu na kitabu. Hakugomba.

"Mama, ile ya nyoka iko wapi? Mimi najua wewe unaogopa. Hata mimi naogopa, banange, jamani."

Hata yeye! Nilitaka kucheka, nikalia.

Nikimzuia, kila akipanda boda nitamwona nyoka. Nikimwachia, nitakuwa napika chakula cha mtu mmoja. Mungu hawatumii watu nyoka kwa sababu mama amekataa. Kichwa changu kinajua hivyo, tumbo langu halijui.

Jioni hii nimeirudisha mistari yote sita. Kesho nitaisoma mwenyewe, kisha padre atanigeukia.

Nimesimama mbele ya kioo nijaribu kusema "ndiyo". Midomo inafunguka vizuri tu. Sauti bado.