Nahodha Pazi na Mawe ya Foleni

Jumatatu, 19 Aprili

Jiwe langu lipo palepale, nyuma ya jiwe la Bi Tatu. Mawe yanatushikia nafasi, wenyewe tumekaa barazani. Duka la ushirika limechelewa kufunguliwa. Jangwani kumejaa maji na Ndugu Kondo, muuzaji wetu, anatoka Magomeni kwa miguu. Sukari haijaja. Uzi nao hakuna, cherehani yangu imelala tu.

Basi nikaendelea kuwasimulia wenzangu hadithi yangu ya kutunga, ya Nahodha Pazi. Chombo chake cha angani kimeundwa Keko, kinaelekea nyota yenye mvua isiyokatika, miaka mia mbili kutoka leo. Pazi mkali, mbishi, na giza analiogopa. Nahodha wa angani anaogopa giza! Bi Tatu kacheka mpaka kanga ikamdondoka. Kilichowapendeza zaidi ni kwamba huko nako kuna foleni, ya maji, ila aliye mwisho naye anapata.

Jumatano, 21 Aprili

Sukari imekuja. Imeisha kabla yangu.

Nikazunguka uani. Nikamwona Kondo anampa mwanamke mmoja mfuko kwa mlango wa nyuma. Sukari. Kondo! Mtu ambaye mizani yake haijapata kutupunja. Nimekasirika mpaka kichwa kinaniuma. Ningepiga kelele palepale. Sikupiga. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 22 Aprili

Leo nimemchoma kwa hadithi. Nahodha Pazi kaiba maji ya wenzake. Nilipaza sauti makusudi ili Kondo asikie kule kaunta. Alikuwa anapanga viberiti, mikono ikasita. Vizuri, nikasema moyoni.

Nia yangu ilikuwa Pazi atupwe nje ya chombo, afie angani. Foleni ikakataa! Wakabishana weee. Bi Tatu akauliza, "Mkishamtupa, njia anaijua nani? Aseme mwenyewe mbele ya watu, arudishe, aendelee na kazi." Wote wakamuunga mkono. Sikupenda, lakini nilishindwa na wengi. Pazi akasimama, akasema. Wakamsamehe. Kuna mama alifuta machozi kabisa.

Kondo kafunga duka mapema.

Jumamosi, 24 Aprili

Ya leo ni magumu kuandika. Niandike hivyo hivyo.

Asubuhi Kondo alifungua duka, akatoka, akasimama kwenye ngazi. Akasema ametoa sukari kwa mlango wa nyuma, zaidi ya mara moja, kampa shemeji yake. Mke wa Kondo mwenyewe kajifungua mapacha, maziwa hayatoki, anahitaji uji. "Nilikuwa nawatazama usoni nawaambia imeisha," akasema. "Nisameheni, ndugu zangu."

Watu walewale waliomsamehe Pazi. Mmoja akapiga ukelele, "Mwizi!" Mji huu neno hilo likishatamkwa kila mtu anajua linakoishia. Watu wakainama, kila mmoja akaokota jiwe lake. Kondo hakukimbia. Alifumba macho tu.

Nikatazama mkono wangu. Jiwe langu limo. Sikumbuki kuinama.

Bi Tatu peke yake hakuokota. Alikuwa amelikalia lake. Hakuinuka hata. Akapaza sauti, "Aliyeokota jiwe kaacha nafasi! Aende nyuma! Sasa wa kwanza ni mimi, na sukari imo ndani!"

Kisha mtu akacheka, cheko la woga. Jiwe moja likashushwa, la pili likafuata, halafu ikawa vurugu ya nani alikuwa wapi. Wanatukanana kwa ajili ya nafasi, na Kondo yu hai kwenye ngazi. Mjumbe wa nyumba kumi akaja akamchukua. Hakuna aliyemgusa.

Namshukuru Mungu kwa Bi Tatu. Nafsi yangu siwezi kuitazama.

Jumapili, 25 Aprili

Nimeshinda ndani.

Pazi ni uongo. Nimetunga mtu asiyekuwepo, nusura aliyepo auawe. Tena na mimi. Kama Kondo angekaa kimya angekuwa kazini kesho. Sisimulii tena.

Jumanne, 27 Aprili

Hakuna habari za Kondo. Foleni imepoa. Wameniomba hadithi, nikawajibu vibaya. Mama mmoja akaninong'oneza, "Pazi alisema ukweli akapona, kwa nini huyu tulimfanyia vile?" Nikamwambia aniache. Kumbe naye aliokota.

Jumatano, 28 Aprili

Kondo kaachiwa. Kazi ya dukani kaondolewa. Leo kaja na jiwe lake, akaliweka mwisho kabisa. Na mwisho ndipo nilipo mimi, kwa ile amri ya Bi Tatu kwa waliookota; mimi nimeitii.

Nikamwambia, "Nilishika jiwe, kaka." Akasema aliliona. Baadaye akauliza polepole, "Pazi alifika?"

Nilitaka kumwambia hakuna Pazi. Lakini wa mbele yetu walishageuka, na wa mbele yao, wanasubiri kama yeye. "Yuko njiani," nikasema. "Giza bado linamtisha." Nikaendelea kutoka hapo. Bi Tatu akawa anaipeleka hadithi kwa wa mbele kabisa, na kuongeza chumvi yake.

Sukari iliisha kabla hatujafika. Watu wakatawanyika. Tuliacha mawe yetu palepale kwa ajili ya kesho, la Kondo nikalisogeza mbele ya langu. Ana mapacha. Mimi chai bila sukari nimeshaizoea.