Redio ya Pikapu ya Kondo

Kimbiji, 6 Juni 1994

Kaka Mwishehe, shikamoo. Sie hatujambo, mtoto kapona surua. Wifi anaendeleaje na miguu?

Ile redio uliyotufungia kwenye pikapu siku ya Idi inasumbua. Tukiingia kwenye makorongo inakatika, halafu inarudi yenyewe. Tangu juzi inaunguza fyuzi kabisa. Mume wangu Kondo anasema hapeleki nazi Mbagala bila taarabu. Tufanyeje?

Mdogo wako, Chausiku

Mbagala, 9 Juni

Chausiku mdogo wangu, marahaba. Wifi yako hajambo, uvimbe umepungua.

Redio nzima, ila kuna waya unachezacheza. Kondo aanze na waya wa arthi nyuma ya redio: uwe umebanwa kwenye chuma kitupu, si juu ya rangi. Kisha ainue kiti, aufuate ule mwekundu unaotoka kwenye betri. Nadhani umechubuka, unagusa bodi. Mpaka hapo asiiwashe. Barua nampa Jamali, muuza samaki.

Kaka yako, Mwishehe

Kimbiji, 13 Juni

Kaka, salamu nitatoa siku nyingine. Barua yako imefika leo. Kondo kaungua jana.

Redio iliimba njia nzima, haikukatika hata mara moja. Ghafla moshi chini ya kiti. Nikaruka na mtoto. Kondo akarudi kuuchomoa ule waya, umekuwa mwekundu kama kaa, plastiki ikamyeyukia viganjani. Mie nimesimama tu barabarani, kiatu kimoja mguuni. Hata sasa siamini.

Fyuzi alikuwa kaizungushia karatasi ya sigara, ile inayong'aa. Nikamuuliza, "Nani kakufundisha ujinga huu?"

Akasema, "Muulize kaka yako."

Nakuuliza.

Chausiku

Mbagala, 15 Juni

Mdogo wangu, ni mie.

Siku ile ya Idi fyuzi iliungua, wageni wamejaa, wanataka muziki. Nikazungusha karatasi. Nikamwambia huku nacheka, "Shemeji, ukikwama fanya hivi." Kesho yake nikaweka fyuzi mpya, ila sikumwambia kwa nini: karatasi haikatiki kama fyuzi, waya ndio unaoungua. Na nilipokuandikia nilikumbuka, Chausiku. Niliona aibu, asije akaniona fundi babaishaji. Nikakuandikia habari za arthi.

Tangu barua yako ifike sijashika bisibisi. Niambie kama nije.

Kaka yako, kama bado unaniita hivyo,
Mwishehe

Kimbiji, 20 Juni

Kaka, shikamoo.

Nimemsomea Kondo barua yako, maana mikono yote ina bendeji. Akasema, "Rudia pale pa aibu." Nikarudia. Akageukia ukutani, akasema, "Mwambie aje."

Daktari anasema vidole viwili vya kulia havitakunjika tena.

Mie sijui nitakupokeaje. Naweza nikakupiga mbele ya watu. Njoo hivyohivyo.

Mdogo wako, Chausiku