Mizunguko Elfu Nane

Jumatano, 3 Aprili 1991

Waya umekatika. Tena! Mizunguko mia tisa, basi. Andongwisye katupa koleo ukutani, kisha kaenda kuliokota mwenyewe na kulikagua kama vile kosa ni la koleo. Mume wangu mikono yake ni ya randa na msumeno. Waya huu ni mwembamba kuliko unywele wa kichanga, tumeufumua kwenye koili ya Land Rover iliyokufa.

Gitaa lenyewe liko tayari karibu lote. Kiwiliwili cha mninga, kizito! Shingo ipo, na vipande vya spoku za baiskeli vimepangwa mahali vidole vitakapokanyaga. Kimebaki kile kidude cha kukaa chini ya nyuzi na kunasa sauti. Sumaku nne za spika mbovu, waya kuzizunguka mara elfu nane. Lazaro fundi redio kasema ukipunguza, besi italia kama mbu.

Husseini anafungua ukumbi wake wa dansi siku ya Idd. Wapiga gitaa anao, jenereta analo. Anataka mpiga besi mwenye chombo chake. Na Andongwisye alipopunguzwa kazini, vyombo vya bendi yao ya kazini viliuzwa pamoja na viti. Akikosa nafasi hii ataenda Chunya kuchimba dhahabu, keshaniambia. Kaka yake Hezroni alikwenda. Mwaka wa pili huu, hata salamu.

Nimemwambia, lete nizungushe mimi. Kacheka. Kisha kaacha kucheka.

Ijumaa, 5 Aprili

Elfu moja na mia mbili! Haujakatika!

Tumekifunga kidude kwenye gurudumu la cherehani yangu. Kipande cha bati kinagonga kila mzunguko, mimi nahesabu. Kule kwetu Ikombe mama alinikalisha kwenye udongo wa kufinyanga vyungu nikiwa na miaka sita: mkono usibane, mkono usiachie. Kumbe alikuwa ananifundisha mambo ya umeme.

Ubaya ni mmoja. Waya hautaki kuachiwa. Ukilegea tu unajifumua wote na kujisokota. Nikitaka kupumzika, mimi nashika, Andongwisye anapaka gundi, tunasubiri ikauke. Nashika pumzi pia, sijui kwa nini.

Jumatatu, 8 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nilikuwa elfu tatu mia moja na arobaini. Mlango wa mbele ukasukumwa — hodi na mguu kwa pamoja — na sauti ya mzee. Baba mkwe! Kutoka Busale, bila taarifa!

Sikufikiri. Nilijifunika khanga kichwa kizima nikatoka mlango wa nyuma mbio, mpaka kwenye migomba. Nimesimama kwenye mvua kama mwizi. Wenzangu kanisani siku hizi wanapeana mikono na wakwe zao. Kwa kina Andongwisye bado: mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja. Mwaka wa tatu wa ndoa na sura yake siijui. Kwetu ziwani tunaheshimu, lakini hatukimbii!

Niliporudi kwa nyuma Andongwisye alikuwa ameshika fundo la waya mkononi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 9 Aprili

Mzee anaumwa. Miguu imevimba, anapumua kama amepanda mlima. Hospitali wamempa vidonge, arudi baada ya wiki. Kwa hiyo analala sebuleni, nami nimebanwa chumbani na jikoni. Cherehani imehamia chumbani. Mlango wa kati hauna ubao, ni pazia la kitenge tu, Andongwisye kalipigilia misumari pande zote mbili.

Lazaro katoa koili nyingine. Kasema ndiyo ya mwisho, hata akiombwa na askofu.

Sifuri.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo jambo la ajabu. Nilikuwa nazungusha, Andongwisye yuko nje anapiga msasa. Mara sauti ya mzee nyuma ya pazia:

"Wewe ukuta, hebu niambie, ni nini hicho kinagonga tangu asubuhi?"

Nitamjibuje, na kusema naye ni mwiko? Andongwisye kasikia, kaingia sebuleni, kamweleza yote, besi, Idd, elfu nane. Mzee akauliza: na anayezungusha ndiye huyohuyo anayehesabu? Hapo ndipo mnapokosea, akasema. Yeye alikuwa karani wa mizani miaka kumi na minane, magunia ya mpunga na kakao, na hakuna siku aliyebeba gunia akaruhusiwa kulihesabu.

Basi anahesabu yeye. Bati likigonga, anasema namba. Kila mia anaweka punje ya mahindi kwenye bakuli, nasikia inavyolia. Mimi macho kwenye waya tu. Tumefika elfu moja na mia nane, na sikukosea hata mara moja kwa sababu sina la kukosea.

Jumamosi, 13 Aprili

Elfu tatu mia tisa. Mzee ana maneno! Nikienda mbio anamwambia ukuta, "Ukuta, mwambie mwenzako hatukimbizwi na polisi." Nikimpelekea chakula nakiweka mlango wa nyuma, Andongwisye anakipokea. Leo alipomaliza wali na dagaa wa usipa kashukuru kwa sauti, "Ndaga fijo, ukuta, unajua kupika." Nimecheka ndani ya khanga mpaka machozi.

Lakini anakohoa. Kati ya namba na namba anakohoa, na namba nyingine zinatoka nyembamba. Nimemwambia Andongwisye ampeleke hospitali leo. Alimwambia. Mzee kajibu kwamba tarehe aliyopewa ni Jumanne, na yeye si mtu wa kufika kabla ya zamu yake.

Naogopa. Nataka amalize, na nataka apumzike, na najua ni kipi nakitaka zaidi. Nimeona aibu kuliandika.

Jumapili, 14 Aprili

Elfu tano mia mbili, gundi, imekauka. Jirani yetu Bibie anasema mwezi ukiandama kesho, Idd ni Jumanne. Usipoonekana, Jumatano. Sijawahi kuombea mawingu maishani, leo nimeyaombea, tena nikiwa kanisani!

Nyuzi za besi ziko Mbeya tu. Andongwisye anaondoka na basi la alfajiri, atarudi jioni barabara ikikubali. Kasema mimi na mzee tumalize. Nikamuuliza, nikihitaji kitu? Kasema mwite Bibie.

Jumatatu, 15 Aprili

Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika waya.

Elfu saba mia moja thelathini na tano. Hapo ndipo mzee alipoacha kuhesabu. Kabla ya hapo alikuwa anahesabu vizuri tu. Alikuwa ameshasema, "Ukuta, tumebakiza mia tisa, hata Husseini mwenyewe hana haraka hii." Thelathini na nne. Thelathini na tano. Nimezungusha mara tatu zaidi, hakuna namba. Nikasimama.

Bakuli limeanguka. Nimesikia punje zikitawanyika.

Nimekohoa. Nikagonga bati kwa ukucha. Kimya. Nikasema — mimi, kwa mdomo wangu — "Ukuta, mzee kalala?" Kimya.

Nimemwita Bibie dirishani mara nne. Amekwenda sokoni, kesho huenda ni Idd, wote wako sokoni. Mvua inapiga bati la paa.

Gundi iko upande wa mzee, kwenye dirisha la sebuleni, Andongwisye aliiacha pale alfajiri. Niliona hilo nikiwa nimeshaanza. Nikiachia waya unajifumua, na Lazaro hana mwingine. Nikiwa nimekosea, mzee amesinzia tu, nitakuwa mke aliyepasua pazia kumtazama mkwe wake kalala, Busale yote itajua kabla ya Ijumaa. Andongwisye hatakuwa na besi, na Chunya ipo palepale.

Nasikia kitu. Kama mkoromo. Si mkoromo wa usingizi. Unakuja, unakatika, unakawia.

Nimejikuta nauhesabu.

Mmoja. Wa pili. Wa tatu haujaja.

Naachia waya.