Kwa Mwanaidi, Kuhusu Hadija na Zile Salamu za Korogwe

Mwanaidi, mke mwenzangu,

Hivi wewe kwenu umepasahau au umepakataa? Nijue moja. Mahindi uliyoyaacha mabichi yamevunwa, yamepukuchuliwa, yamekwisha, tumelima mengine, na wewe hujaonekana hata kivuli. Nikipiga simu unasema, "Bibi, nipo kwenye kikao, nitakupigia." Kikao gani hicho kisichokwisha? Watu wanalala humo humo? Nimechoka kungoja simu. Mimi shule sikwenda, unajua, kwa hiyo nasema na jirani yangu Mama Tatu anaandika, na nimemwambia aandike nilivyosema, asinirembee. Nimemruhusu pia amsomee yeyote atakayetaka kusikia. Labda ukijua kijiji kizima cha Kang'ata kinalisikia hili utaona haya, uje.

Unaikumbuka ile likizo uliyokuja na kompyuta mbili kwenye mkoba? Nilidhani umeniletea kitenge. Ukawakusanya watoto uani kwangu, ukawaonyesha vile vipande vya rangi, hiki unakipachika chini ya kile, na paka aliye kwenye kioo anafuata ulivyovipanga. Nikakuuliza, "Huyo paka anakamata panya?" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Watoto wakamwambia atembee, akatembea, akafika ukingoni akabaki pale pale miguu inapiga tu. Nikasema huyu ni kama marehemu mume wetu, babu yako, ukimtuma dukani bila kumwambia arudi, harudi. Ukaniambia, "Bibi, somo la leo umeshalielewa." Basi nikavimba kichwa siku nzima, nikawa nawaeleza hata wapita njia.

Hadija ndiye aliyekuwa anashika haraka. Huyu binti wa Mwanahamisi, nyumba ya pili kutoka kisimani, mkimya mpaka unasahau kwamba yupo. Alitengeneza mchezo wake mwenyewe: shamba la mahindi, nyani wanatoka porini, mtoto anapiga debe. Nyani akigusa mahindi kabla debe halijalia, umeshindwa. Nilicheza nikashindwa, nikawatukana wale nyani kwa Kizigua. Hadija akaniambia taratibu, "Bibi, hawasikii. Mpaka ubonyeze."

Mkaenda Korogwe kwenye yale mashindano ya wanafunzi, hakathoni mnayoiita, na mimi nikajipakia garini. Ukumbi umejaa, shule nyingi, waamuzi wamekaa mezani, wageni nyuma yao. Wakaitwa wa kwetu. Nilikuwa nimekaa huko mwisho, nikamwona Hadija anatangulia, lakini kwenye kompyuta hakwenda. Alikwenda mezani. Akapiga goti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, hujambo? Huko mtokako hawajambo?"

"Hawajambo. Shikamoo mama."

Akaenda hivyo mmoja mmoja, waamuzi wakaisha, akaingia kwa wageni, na wenzake wanne wanamfuata, kila mmoja na goti lake. Mzee mmoja akawauliza mpaka habari za mvua. Nao wakamjibu vizuri tu, kwamba mwaka huu imekatika mapema. Ndivyo tulivyowalea huku, mdomo haufunguki mbele za wakubwa mpaka kila mkubwa apate salamu yake. Moyo wangu ulikuwa mweupe, Mwanaidi. Hata kengele ilipolia nilidhani ndiyo wanaambiwa waanze.

Kumbe ndiyo wamekwisha. Hakutoka nyani hata mmoja.

Nje, pale kwenye ngazi, ukamwambia mtoto, "Hadija, umeniaibisha. Kazi yote ile!" Kisha ukanigeukia: "Na wewe Bibi, haya ndiyo malezi yako." Nikanyamaza. Unanijua, kunyamaza si kawaida yangu. Tukapanda gari, tukarudi. Na wewe ukafunga mkoba, ukaenda zako Dar es Salaam.

Sasa nisikilize. Mimi kwa ajili ya salamu siombi radhi, wala usingoje. Hayo ya muda kuhesabiwa tangu mtu anaposimama, mimi sikuyajua, Hadija hakuyajua, na wewe uliyeyajua hukuyasema. Basi. Sikukuandikia ili tugombane kwa hilo, maana tukianza hatutamaliza, na Mama Tatu mkono umeshaanza kumuuma.

Nimekuandikia kwa sababu mwalimu wao anasema mashindano yapo tena baada ya mavuno. Wale wanne walikuja uani kufanya mazoezi. Wameingia, hawajaniamkia, wameanza moja kwa moja, "Huu ni mchezo wetu." Nikashika ufagio. "Nani kawafundisha kuingia kwa watu kama mbuzi?" Rajabu akasema, "Bibi, tunaokoa muda." Mwenzake akadakia, "Au tumwekee paka shikamoo, aamkie wote kwa mkupuo." Nikawaambia mimi siamkiwi na paka. Tukacheka sote. Lakini Hadija hakuwamo.

Hadija haji. Mama yake kasema, "Kama alituaibisha mbele za wakubwa, ashike jembe, hayo mengine hayamhusu." Na mtoto mwenyewe habishi, ndilo linalonitisha. Angelia ningemfuta machozi. Nimepita shambani kwao, amewekwa kulinda nyani, nikamkuta kakaa chini ya dungu, kile kichanja cha kulindia, anachora mchangani kwa kijiti. Vile vipande vyako, Mwanaidi. Kimoja chini ya kingine, safu nzima. Aliponiona akavifuta kwa mguu, akasimama, akaniamkia.

"Ulikuwa unachora nini?"

"Sikuwa nachora kitu, Bibi."

Tangu hapo situlii. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui nilikuwa nafuata nini. Mboga imeungua mara ngapi. Basi likipiga honi kule barabarani naacha ungo nakwenda kuchungulia, anashuka mtu na magunia yake, si wewe. Ile kompyuta uliyotuachia naipeleka kwa jirani mwenye sola ikachajiwe, naileta, Hadija haji kuifungua, naipeleka tena. Watu wananiona kama nimechanganyikiwa. Hadija nimemwambia hakukosea, nimemwambia mpaka mate yamenikauka, anaitikia tu, "Ndiyo, Bibi." Lile neno la kwenye ngazi ulilisema wewe. Mimi siwezi kumwondolea.

Nakupenda mpaka nakasirika, hilo unalijua. Mungu akulinde huko kwenye vikao vyako.

Na ukija, uje kabla mahindi hayajakauka. Ukishuka kwenye basi usije kwangu kwanza. Nitakuona unapita hapo nje, nitakaa kimya. Nyoosha mpaka shambani kwa kina Hadija, ukae naye mchangani, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe, na usiinuke mpaka akuchoree.

Bibi yako, mama wa mama yako