Kisima cha Baba Yake Mzee Phineas

Woodbridge, Virginia
14 Oktoba 1988

Kwa dada yangu mpenzi Mwatime,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na mguu wa mama umepata nafuu. Mimi mwili u salama, ila roho imechafuka.

Umeniuliza mbona nimeacha kazi ya kukata fremu kwa Bi Adela, yule Mzungu mwenye duka la picha Washington, na hali ndiye aliyekuwa akinishughulikia karatasi za ukaazi. Ngoja nikwambie, ingawa naona kinyaa hata kuandika.

Mwezi uliopita alimleta mchoraji kutoka jangwa la Australia, mmoja wa wenyeji wa asili wa kule, mweusi kama sisi, jina lake Mzee Phineas. Wiki mbili alikaa karakanani kwangu, pale dukani, kitambaa kakitandaza sakafuni, akidonoa nukta za rangi kwa kijiti, moja moja. Alikuwa akichora kisima cha jangwani alichorithi kwa baba yake. Aliniambia kwao kila picha ina wenyewe. Hata rafiki wa kufa na kuzikana, asiporuhusiwa, haweki nukta. Siku moja nilitaka kumsaidia kujaza pembe, akanishika mkono, akacheka, akasema mimi nikachore cha baba yangu. Tulikula pamoja chapati zangu zilizoungua, naye akazisifu, muongo yule!

Siku ya wageni kuja kutazama picha, Bi Adela alimwaga mchanga wa kujengea katikati ya ukumbi, akamtaka mzee avue shati, akae juu yake, achore watu wakimtazama. Lo! Mtu mzima yule, na koti jipya kanunua! Mzee akasema yeye huchora na shati lake, akapanda zake chumbani kwake ghorofani. Bi Adela akanigeukia mimi. Akasema wageni hawatajua tofauti, kisha akanikumbusha, kwa upole wa kuchefua, kuwa barua ya wakili ya karatasi zangu bado hajaitia saini.

Dada, nilivua shati. Mimi, Vuai, nilikaa mchangani kifua wazi, nikidonoa nukta kwenye kisima cha baba wa mwenzangu, na wale watu wananizunguka na bilauri zao, wananong'ona kuwa nina mikono ya kale. Ptu! Walinichefua, lakini nilijichukia zaidi mwenyewe.

Mzee akashuka na koti lake. Wageni wakamdhani mtumishi, wakampa bilauri tupu apeleke jikoni, akazipeleka. Wageni walipoondoka alikuja akachuchumaa kando yangu. Hakugomba, bora angenitukana. Aliniomba jambo moja tu, nimwonyeshe nukta zipi ni zangu, azifute. Nikatazama, nikainama, nikatazama tena. Sikuijua hata moja.

Msalimie shemeji, unibusie Sabiha na wenziwe. Mama mwambie namwomba radhi, usimwambie kwa lipi.

Ni mimi nduguyo,
Vuai