Neno Tulilofundishwa Kulisema

Guangzhou, 14 Novemba 1998

Dada Dainess,

Shikamoo. Huku baridi imeanza. Magauni ya duka lako yameshafungwa marobota. Shemeji Adrian aliyachagua mwenyewe kabla hajaumia.

Chuoni tunajifunza kuwahudumia wanamichezo waliogongwa kichwa. Dalili tunazijua wote, ila mwalimu anasema tunaogopa kusema. Kwa hiyo anatupanga wawili wawili, kila mmoja amwambie mwenzake kwa sauti: "Toka nje, hurudi uwanjani." Mimi nilikuwa nacheka tu.

Jumapili wafanyabiashara wetu walicheza mpira na Wakenya. Shemeji aligongana vichwa na beki wao, Kamande, akaanguka. Alipoinuka aliniuliza matokeo mara tatu. Nilijua maana yake. Wenzake wakammwagia maji, naye akasema, "Shemeji, niko fiti, niache."

Dada, ni mume wako, ndiye aliyenipokea katika mji huu. Niliona haya kumwamuru mbele za watu. Nikamfunga kamba za viatu, akarudi uwanjani. Dakika kumi baadaye akaupiga mpira kwa kichwa, akaanguka tena, na safari hii hakuinuka.

Yuko hospitali. Anakula, anatembea. Jana aliniuliza nina dada wangapi. Nikamwambia mmoja. Akauliza kama ameolewa.

Leo asubuhi nilisimama peke yangu kwenye ukumbi wa mazoezi, nikasema: "Toka nje, hurudi uwanjani." Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Mdogo wako,
Sostenes