Ujumbe wa Mzee Mwikwabe Ulikuwa Umefika

Kaka Wambura,

Ni mimi Ghati. Naandika nikiwa hapa dukani Mugumu, na mashine ya kopi nimeizima ili nisisikie kitu. Kuna jambo nimeligundua. Nimeshalieleza kwa mkeo, nimelieleza mbele ya kijiji kizima, lakini mtu niliyetaka kumweleza kwanza ni wewe, na wewe ndiye hupo.

Ngoja nianze na vile tulivyoijua sisi siku ile.

Uliondoka hapa mchana, ukasema unapitia kijijini kwa mama kumpelekea dawa zake za presha, tutaonana kesho. Jioni, jua bado lipo, nikapigiwa simu. Tembo walikuwa wametoka hifadhini, wakaingia kwenye mtama, na wewe ulikutana nao kwenye kona ya njia ya mashambani. Nilimwambia aliyepiga kwamba amekosea mtu. Nilimwambia, huyo siyo Wambura wetu, Wambura hawezi kuuawa na tembo. Nilisema hivyo kabisa, kaka, kwa sauti, na mteja alikuwa amesimama hapa anasubiri vyeti vyake.

Maana ni nani asiyejua kwamba ule mtambo wa kuonya watu ni wako? Mtu wa doria akiwaona tembo huko vijijini, anatuma ujumbe kwenye simu tuliyoiunganisha na kompyuta ya hapa dukani, na skripti yako, yale maagizo uliyoiandikia kompyuta, inausambaza kwa kila aliyejiandikisha. Watu walikuita Wambura wa Tembo. Siku ile hakuna aliyepata ujumbe. Wewe hukupata, mama hakupata, mimi sikupata.

Halafu ikatokea kitu ambacho hukukiona. Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenu, turubai limeshafungwa, kijana mmoja wa doria akatuma taarifa kwamba kundi limerudi porini. Papo hapo simu zikaanza kulia pale msibani, moja baada ya nyingine. Tukafikiri ni taarifa ya yule kijana. Haikuwa yake. Ilikuwa ya Mzee Mwikwabe wa doria: "Tembo wengi wanaingia mtama. Msipite njia ya mashambani."

Tuliisoma wewe ukiwa mochwari.

Mama yako alisomewa na jirani. Hakulia. Aliomba arudiwe kusomewa, akasomewa tena, akainuka akaingia ndani. Na sisi tuliobaki nje tukageuka wote kumtazama Mzee Mwikwabe, aliyekuwa amekaa na wazee wenzake karibu na moto.

Unajua watu. Wakasema mzee alikuwa kilabuni, akawaona tembo akapuuza, na aliposikia umekufa ndipo akatuma ujumbe ili ajifunike. Yeye akasema alituma mchana ule ule. Wakamwambia aonyeshe simu. Sasa simu yake unaijua, ile ndogo ya tochi, ikijaa haipokei tena, kwa hiyo kila akituma anafuta. Wewe mwenyewe ndiye uliyemwelekeza afute.

"Mura," akamwambia kijana aliyekuwa akimhoji, kama Wakurya wanavyowaita vijana wao, "nilituma nikiwaona kwa macho yangu."

Walimvua kizibao cha njano cha doria pale pale, na yeye akanyoosha mikono wamvue, kama mtoto anayevuliwa nguo za shule. Toka siku hiyo akipita, vijana wanamkaushia. Shikamoo hakuna. Mkwe wake akienda kisimani, wenzake wanabeba ndoo zao wanaondoka kabla hazijajaa. Ilifika mahali akamwambia mwanawe anataka kurudi kwa ndugu zake Susuni, huko Tarime, akafie huko.

Mimi niliamini walichosema. Kwa nini nisiamini? Nilikuwa naujua mtambo wako, na kwangu mtambo wako haukosei.

Nilikuja kwako kutoka Itiryo nikiwa najua kuchapa tu, tena kwa vidole viwili. Ulinifundisha Bash, lugha ya kuiamuru kompyuta, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo kwenye kompyuta ile kuukuu, na ulisema lugha ya kuanzia ni ile uliyo nayo. Wiki nzima ya kwanza niligombana na alama ya sawasawa. Naacha nafasi kabla na baada yake, kama tunavyoandika kwenye daftari, inakataa. Nabana, inakubali. Nikakuuliza nafasi imeikosea nini. Ukacheka mpaka ukavua miwani. Halafu ile siku skripti ilipogoma saa mbili asubuhi ikaendelea kugoma saa tatu, ilipofika saa nne ikafanya kazi yenyewe. Mimi nilisema ni umeme. Kumbe kompyuta inaandika saa mbili kama 08 na saa tatu kama 09, na Bash ikiona sifuri mbele inahesabu kwa nane nane, kwa hiyo tarakimu 8 na 9 haizijui kabisa. Ulifurahi kama mtu aliyeokota ng'ombe. Ukaniambia, "Usiikasirikie, Ghati. Imefanya ulichoiambia. Wewe ndiye hukujua umeiambia nini."

Basi, baada ya matanga, watu wa doria waliniomba niuwashe mtambo tena. Nikakaa. Nikaanza na faili jipya tupu la jumbe, nikaandikisha namba yangu peke yake, nikasema nitume ujumbe mmoja wa jaribio nione kama mtambo bado unasambaza. Nikatuma neno "moja". Nikasubiri. Kimya. Nikaangalia waya, nikaangalia salio, vyote vizima. Nikatuma "mbili". Simu yangu ikalia. Nikaifungua, imeandikwa "moja".

Nilidhani ni mtandao umechelewa. Nikatuma "tatu". Ikaja "mbili".

Kaka, nilisimama. Sijui nilisimama kwenda wapi. Nilitoka mpaka barazani, nikarudi, nikatuma "nne", na kabla simu haijalia nilikuwa nimeshajua itasema nini.

Kila ujumbe ulikuwa unausubiri wa nyuma yake ndipo utoke. Wa mwisho ulikuwa hautoki kamwe, mpaka mwingine uje kuusukuma. Siku zote hatukujua kwa sababu tembo wakitoka, watu wa doria hutuma wengi kwa pamoja, wa huyu unausukuma wa yule. Hata wewe ulipokuwa ukijaribu, ulikuwa unatuma jumbe nyingi mfululizo, kwa haraka yako ile. Siku uliyokufa aliyewaona tembo alikuwa mmoja tu, na asubuhi yake ulikuwa umelifuta faili, kwa hiyo hapakuwa hata na ujumbe wa zamani wa kusukumwa nje.

Nikafungua faili la zamani la jumbe zinazoingia. Ujumbe wa Mzee Mwikwabe ulikuwa pale, na mbele yake saa uliyoingia. Uliingia wewe ukiwa bado upo hapa dukani, unatafuta funguo za pikipiki. Kompyuta ilikuwa pembeni yako na ujumbe ulikuwa ndani yake. Nimeuangalia mstari ule mpaka herufi zikaanza kuchezacheza.

Na kosa lenyewe, kaka. Kilichonishtua kuliko vyote ni udogo wake. Ulipoiagiza skripti iweke ujumbe mpya kwenye faili, uliweka alama ya kushuka mstari mbele ya ujumbe, hukuiweka nyuma. Kwa hiyo mstari wa mwisho daima ulikuwa haujafungwa. Na Bash ikisoma faili mstari kwa mstari kwa njia ile uliyotumia, mstari wa mwisho usiofungwa inaufikia, lakini inahesabu kwamba kazi imeisha, inauacha. Haisemi imeuacha. Haitoi kosa lolote. Kubonyeza Enter mara moja tu, kaka. Basi.

Nilikaa na jambo hili nikiwa sijui nifanye nini. Nikisema, nitakuwa nimekuvua nguo mbele ya watu wanaokulilia. Nikinyamaza, Mzee Mwikwabe anahama na jina la muuaji. Nikaenda kwa wifi Robi. Nilimwonyesha kwa simu mbili, kama nilivyojionyesha mwenyewe. Alitazama mpaka mwisho, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo unanifuata kuniambia mume wangu amejiua?"

Nikasema hapana, wifi.

"Basi unaniambia nini?"

Nikazikusanya zile simu mbili. Akaniambia niende zangu, na nikaenda, nikijua nimempoteza na yeye pia.

Sikutegemea kumwona tena, lakini asubuhi moja nilikuta amekaa hapa mlangoni kabla sijafungua duka. Macho yamevimba. Akasema, "Yule mzee wameanza kumfungia mizigo. Nimemwona mkwe wake anauza kuku. Mwenyekiti wa kijiji ameitisha mkutano leo. Funga duka, twende."

Mkutanoni mwenyekiti aliniletea kiti. Nikaomba simu ya Mzee Mwikwabe. Nilikuwa bado sijairekebisha skripti, kwa makusudi, na kompyuta niliiacha inafanya kazi hapa dukani, faili la jumbe likiwa tupu na namba za wote zimerudishwa. Nikamwomba mzee aandike ujumbe wowote atume. Akaandika polepole, watu wakiguna. Akatuma. Nikawaambia wote washike simu zao. Hakuna iliyolia. Wengine wakaanza kucheka, mmoja akasema unaona, mzee hata kutuma hajui. Ndipo wifi Robi akatoa simu yake akatuma neno moja kwa namba ya mtambo.

Simu zikalia mkutano mzima. Na zote zilikuwa na maneno ya Mzee Mwikwabe: "Mimi sikulala siku ile."

Nikaeleza kosa lilikuwa wapi na lilikuwa la nani. Nilitaja jina lako, kaka. Nikalirudia. Nikawasomea na saa ambayo ujumbe wake uliingia. Halafu wifi akainuka, na kanga yake ya msiba bado kiunoni, akapita katikati ya wanaume mpaka alipokaa mzee, akapiga goti akasema, "Shikamoo, baba."

Mzee Mwikwabe alimshika kichwa. Baadaye akasema, "Mume wako alinifundisha kutumia simu. Mimi sina neno naye." Vijana waliomvua kizibao walimrudishia, lakini hakukivaa siku ile. Alikikunja akakiweka mapajani.

Nimeirekebisha. Nimeongeza maneno machache, kwamba hata kama mstari haujafungwa, ukiwa na kitu ndani, usomwe. Juzi mchana Mzee Mwikwabe aliona tembo jike na watoto wake wanashuka, akatuma ujumbe mmoja, peke yake. Ulitoka hapo hapo. Wanafunzi walizuiwa shuleni mpaka kundi likapita, na mama yako naye alipata, kwa sababu alinipigia kuniuliza kama nimepata na mimi. Nilijibu ndiyo, mama, nimepata.

Bado sijazoea. Kuna wakati nashtuka katikati ya kazi kana kwamba ndiyo kwanza naambiwa. Nakuahidi kwamba sitawasha kitu chochote ambacho sijakijaribu kwa ujumbe mmoja usio na mwenzake. Na mwanao Nyamisi akifika umri wa kuuliza, sitamficha. Nitamwambia baba yake alikosea mstari mmoja, halafu nitamkalisha nimsomeshe na mistari yako mingine yote, ile ambayo watu wa hapa wanaamka nayo kila siku wakiwa hai.

Pumzika, kaka yangu.

Ghati